Fimbo Tuliyoiita Mgeni

Chome,
Jumapili, 8 Agosti 1954

Kaka Anaeli, shikamoo.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si mchungaji, wala Raheli ambaye tunalala kitanda kimoja. Tarehe 20 Julai niliandika saba katika daftari la ofisi yenu ya maji, na fimbo ya kupimia sikuwa nimeiona.

Nieleze vizuri. Tangu mlipokuja mwezi wa tano mkaweka ule ubao wenye pengo pale maji ya mfongo yanapoingia kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, na kando yake fimbo yenye alama za inchi, mimi sijakosa siku. Saa moja asubuhi nipo, baridi hata penseli haishikiki. Unakumbuka Baba aliposema mbele ya wazee, "Mtu wa kusoma ninaye, ni Yudith," na mzee Eliezeri akacheka: "Huyo? Salamu tu anaitikia kwa kidevu, namba atazitaja kwa nini, kwa nyusi?" Watu wote wakacheka. Ndiyo maana sikutaka kukosa hata siku moja.

Basi tarehe 19 nilitumwa Gonja kwa Bibi, anaumwa kifua, nikalala huko. Nikarudi kesho yake jua likiwa utosini. Nilipopita ndiva nikafungua daftari. Kote saba, saba, saba kasorobo, saba. Halafu ile nafasi tupu ikinitazama. Nikaandika saba. Nilipomaliza ndipo nikainua macho kuitazama fimbo. Ilikuwa tano.

Nikasema macho yamechoka na safari. Kesho yake asubuhi, saba. Mchana nikarudi kwa kisingizio cha kuni: tano. Nimefanya hivyo siku nyingi sasa, naficha namba za mchana ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jumanne iliyopita nikaondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, nikaufuata mfongo kwenda juu. Kwenye shamba la kwanza nikamkuta shangazi Dorkas ameinama, anaziba mchepuko wa kuingizia maji shambani kwake kwa magome ya mgomba na udongo.

"Shangazi, shikamoo. Kwani zamu ya alfajiri si yako?"

"Marahaba. Zamu ni yangu. Maji ni ya Mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hiyo fimbo yenu. Kiingereza chote hicho ulichosoma, hujui kwamba mgeni haonyeshwi chungu kitupu?"

Kaka, wote kumi na mmoja wenye mashamba ya juu wanaziba, ili maji yote yashuke kwenye fimbo. Tangu wiki ya kwanza! Kengele ya shule ikilia wanazibua, maana wanajua nimekwisha ondoka. Nilipomuuliza nani aliyeanzisha, akanicheka. "Kaulize nyumbani kwenu."

Sijauliza. Nikisema, Baba ataaibika na ukuta wa saruji wa ndiva mliotuahidi hautajengwa, na mzee Eliezeri atakuwa amesema kweli juu yangu. Nisiposema, daftari lote ni uongo wenye mwandiko mzuri. Nimegundua kitu kimoja: katika lile daftari la Kiingereza ilikuwa rahisi. Nimeandika tarakimu, basi. Kwa lugha ya nyumbani ingenibidi niseme "nimeona," na mdomo ungekataa.

Unaona hata wewe nakuandikia Kiswahili, katikati ya hizo mbili.

Nani atanisaidia kama si wewe?

Mdogo wako,
Yudith Gideoni


Same,
19 Agosti 1954

Mdogo wangu Yudith,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikacheka mahali pa shangazi Dorkas, kisha nikaacha kucheka.

Ukutani hapa ofisini kuna karatasi kubwa nilizochora mimi, kila chanzo cha maji na mstari wake. Mistari ya wengine inashuka kadiri kiangazi kinavyokaza. Wa kwetu umenyooka kama uzi wa fundi. Bwana Mhandisi amewaonyesha wageni wawili: "Huyu msomaji wa Chome ni hodari." Nami nilivimba kichwa, Yudith. Maji gani ya mlimani hukaa palepale kuanzia Juni hadi Agosti? Ningeuona mstari kama huo umetoka Msangeni ningepanda kwenda kukagua siku ileile. Wa kwetu nikauacha kwa sababu ulikuwa wa kwetu. Kosa hilo ni langu, liandike pembeni ya lako.

Sasa nikuambie jambo ambalo mimi nalo nimelificha. Ofisi haipimi maji kwa ajili ya ukuta peke yake. Mezani kwangu, tangu Juni, kuna mchoro wa bomba. Ukuta ukijengwa, maji yanayozidi mahitaji ya ndiva yatateremshwa huku Same, mjini na stesheni. Tuliambiwa tusitangaze mpaka utiwe sahihi, nami nikanyamaza hata nilipokula makande nyumbani mwezi uliopita, Baba akinisifu mbele ya jirani.

Unadhani inchi mbili ni kidogo? Kwa umbo la pengo lile, inchi saba ni maji zaidi ya mara mbili ya inchi tano. Hiyo tofauti ndiyo inayoitwa mabaki na ofisi. Na mabaki yenyewe ni zamu ya shangazi Dorkas na wenzake kumi! Maji waliyomwazima Mgeni kwa heshima ndiyo yatakayoingizwa bombani, wasiyaone tena.

Lakini siwezi kwenda kwa Bwana na hadithi. Ataniuliza, nami nakuuliza kabla yake: umejuaje ni kuziba? Mchana watu humwagilia, lazima maji yapungue. Hujapima saa moja asubuhi wakati hakuna aliyeziba. Fanya hivi. Wiki nzima wasizibe, upime saa ileile ya siku zote. Wiki inayofuata wazibe kama walivyozoea, upime tena. Jambo moja tu libadilike, mengine yote yabaki. Mtafute mtu wa pili asome fimbo, awe na daftari lake, msionyeshane mpaka mwisho.

Mengine mawili. Ile saba ya tarehe 20 usiifute. Kata mstari mmoja juu yake, isomeke bado, na pembeni uandike ukweli. Anayefuta anaficha mara ya pili. Na hizo namba za kitabu cha nyimbo, ulikuwa unawapima watu bila wao kujua. Najua huna nia mbaya, lakini maji ni yao. Waambie. Waombe.

Habari ya bomba, ukiona wanapaswa kuijua, waambie umeipata kwangu, na unitaje jina.

Kaka yako,
Anaeli


Chome,
26 Agosti 1954

Kaka,

Bomba! Na ulikula makande yetu!

Kila Jumapili baada ya ibada Baba anasimama pale nje kwenye ngazi ya kanisa na kusema, "Mwanangu ndiye anayechora ukuta." Nimekasirika siku tatu, ndiyo maana sikujibu mapema. Siku ya nne nikakumbuka ile saba yangu, hasira ikakosa miguu.

Saba nimeikata kwa mstari mmoja. Pembeni nimeandika: "Sikuwepo. Niliandika bila kuona. Mchana ilikuwa tano. Y.G." Mkono ulitetemeka, mstari umepinda. Uache upinde.

Hezroni, mtoto wa shangazi Dorkas, amekubali kuwa mtu wa pili. Anajua kusoma inchi kwa sababu ya useremala. Tatizo ni hilo jingine, kuwaambia. Jumamosi tarehe 4 kuna msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kutoa tope ndivani, watu wote watakuwepo, karibu mia. Mimi! Kanisani nikisoma zaburi mchungaji huwa anaweka mkono sikioni.

Na si hilo tu. Aliyewaambia wazibe ni Baba. Jana nilimsikia akimuuliza mmoja wa watu wa juu kama bado "wanamtunza Mgeni." Naye ndiye mkuu wa mfongo, akisema, nani atakataa? Nikisimama siku ile ni kama namsimamisha Baba mbele ya watu.

Niombee.

Yudith


Chome,
21 Septemba 1954

Mwanangu Anaeli,

Barua hii nasema mimi Gideoni, baba yako. Mkono ni wa Yudith. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, asiruke, maana najua kuna mahali atataka kuruka.

Hatujambo. Bibi yako anaendelea vizuri, anakula. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Jumamosi ya msaragambo, baragumu lilipolia tulishuka wote ndivani. Maji tulikuwa tumeyafungulia yaende, watu wamo ndani ya tope mpaka magotini, wanawake wanapokezana karai. Mchana tulipopumzika, huyu binti akasimama. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. (Baba, hilo nalo niandike? Amesema niandike.)

Eliezeri akapaza sauti, "Sema na sisi, mama, tope halina masikio!" Watu wakacheka. Mimi nikataka kumwambia aketi, nimwokoe na aibu. Yeye akaenda mpaka kwenye fimbo, akamgeukia Eliezeri yuleyule. "Babu, naomba unisomee."

"Mimi sijasoma."

"Hesabu alama tu, babu, kutoka chini."

Mzee akachuchumaa, akahesabu kwa kidole. Tano. Akahesabu tena. Tano.

"Daftari langu linasema saba," akasema Yudith, na sasa sauti ilifika mpaka kwa waliokaa ng'ambo. "Siku moja niliandika saba bila kuwepo. Wa kwanza kudanganya ni mimi." Akaonyesha ukurasa wenye mstari. Kisha akawaambia habari ya bomba, na kwamba imetoka kwako. Akasema, "Maji mnayomwazima Mgeni alfajiri, ofisi imeyahesabu kuwa hatuyahitaji."

Wa mashamba ya chini wakaanza kuulizana nani aliwaambia wa juu wazibe. Mdogo wako wa mama mmoja alikuwa anajua. Alinitazama, kisha akatazama chini. Hakunitaja.

Basi nikasimama mwenyewe. Nikasema, "Ni mimi. Nilitaka serikali ione kwamba mlima huu si maskini. Nilimtunza Mgeni kama ninavyowatunza wageni wote wa nyumba yangu. Sikujua mgeni huyu anabeba alichokiona." Mwanangu, nimekuwa mkuu wa mfongo miaka kumi na tisa, na sijawahi kuwaambia watu wale nimekosea. Si kwa kuwa sikukosea.

Eliezeri alikuwa anataka kufoka. Dorkas akamwahi: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miezi minne! Ni mtu wa nyumbani, aone chungu kilivyo." Wakacheka mpaka wakaangushana topeni. Hapo jambo likaisha.

Wakakubali wote. Wiki ya tarehe 6 hawakuziba. Wiki ya tarehe 13 wakaziba. Madaftari mawili yamo katika kifurushi hiki, la Yudith na la Hezroni. Hayakufunguliwa pamoja mpaka juzi, hapa mezani kwangu, mimi nikishuhudia. Usiyapoteze.

Ukuta wa saruji nautaka. Haki ya Mungu naota ukuta huo. Lakini nautaka kwa maji yaliyopo. Mwambie Bwana wako hivi: babu zetu walichimba ndiva hii, wakagawa zamu, wakajua kila shamba linakunywa kiasi gani, na hawakuwa na penseli. Sasa penseli tunayo, na anayeishika haogopi kujiandika yeye mwenyewe kwanza. Andika hivyo, Yudith. (Nimeandika, Baba.) Mwandikie kaka yako pia kwamba Eliezeri siku hizi akikutana na wewe njiani anatangulia kukusalimu. (Ni kweli, lakini nina haya kuandika.)

Na wewe, Anaeli, ulinificha bomba. Ukija tutazungumza, sitaki kuweka hilo kwenye karatasi. Uje mapema.

Baba yako,
Gideoni
(Ameweka sahihi mwenyewe. Karatasi imechanika kidogo kwa nguvu.)


Same,
14 Oktoba 1954

Mdogo wangu Yudith,

Shikamoo za Baba na Mama unifikishie. Mwambie Baba nimesoma, na nitakuja mwisho wa mwezi, nitakaa palepale atakaponiambia nikae.

Bwana Mhandisi nilimpelekea madaftari siku ileile yalipofika. Kwanza nikamweleza kwamba habari ya bomba niliitoa mimi, kabla hajaisikia kwa mwingine. Akaniambia niache meza ya kuchora. Kwa wiki sita nitahesabu spana na mabomba stoo. Usisikitike. Huku kuna kivuli, na usiku nalala.

Halafu akafungua madaftari. Akayaweka ubavu kwa ubavu, rula mkononi. Wiki ya kutoziba: lako tano, tano kasorobo, tano. La Hezroni tano, tano, tano na robo. Wiki ya kuziba, saba na jirani zake. Nikaanza kuomba radhi kwa zile robo mnazotofautiana. Akasema, "Afadhali. Zingelingana zote ningejua wameketi pamoja." Kisha akafika ukurasa wa tarehe 20 Julai. Akaufuata ule mstari uliopinda kwa kidole. Kiswahili chake unakijua, lakini lile neno "sikuwepo" alilisoma kwa sauti, vizuri kabisa.

Mstari wetu ulionyooka ameushusha ukutani. Hakuuchana, ameutia kwenye jalada pamoja na maelezo ya kwa nini si wa kweli, ili yeyote ajaye aone. Bomba haliwezi kutoka kwetu. Mji utatafutiwa maji mahali pengine. Ukuta nao hautaanza mwaka huu. Anataka mwaka mzima wa kupima, mvua na kiangazi, bila Mgeni kupendelewa. Na ukuta wenyewe utakuwa mfupi kwa futi mbili kuliko nilivyochora. Mwambie Baba hili la futi mbili polepole, akiwa ameshiba.

Bwana ametoa amri moja nyingine. Kwenye karatasi zetu, mahali pa msomaji, tulikuwa tumeandika jina la kijiji tu. Akasema, "Kijiji hakisomi fimbo. Mtu ndiye anayesoma." Kuanzia sasa kila ukurasa utiwe jina lako, na la Hezroni. Nilitaka kuliandika mimi lakini nimekwisha kusema niko stoo. Ameliandika mwenyewe: Yudith Gideoni.

Nililiona. Nikarudi kuhesabu spana nikipiga mluzi, wenzangu wakaniuliza kama nimepata nyongeza.

Kaka yako,
Anaeli


Chome,
Jumapili, 24 Oktoba 1954

Kaka Anaeli, shikamoo.

Pole kwa stoo. Mama ameuliza spana ni mdudu gani, nikamchorea.

Futi mbili nilimwambia Baba akiwa ameshiba, kama ulivyosema. Alikaa, akatafuna kijiti, akatoka nje. Nikadhani amekasirika. Nikamkuta ndivani amesimama katikati ya ukuta wa zamani, ule wa mawe na udongo, anapima kwa fimbo yake ya kutembelea mahali futi mbili zinapofika. "Hapa," akasema. "Hata hapa panatosha kunyooshea kidole." Na leo kwenye ngazi ya kanisa hakusema "mwanangu anachora ukuta." Alisema, "Ukuta umengoja, kwa sababu sisi tulisema kweli." Mzee Eliezeri akaongeza, "Mimi ndiye niliyehesabu tano." Anaisimulia sasa kama vita.

Asubuhi fimbo ilikuwa nne na nusu. Kiangazi kimekaza. Shangazi Dorkas alikuwa shambani kwake, maji yanamwingilia miguuni, akaniita, "Mwambie huyo mtu wa nyumbani leo tumelala njaa wote!" Nikaandika nne na nusu. Zamani namba ndogo kama hiyo ingenitia aibu. Leo nimeiandika kwa mwandiko mkubwa, na chini yake jina langu lote, mpaka Hezroni akasema nimemaliza nafasi ya kesho.

Sasa nina jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya msaragambo, Baba aliposema "Ni mimi," watu walimtazama yeye. Mimi nilitazama miguu yake. Ilikuwa imezama topeni, na mmoja ulikuwa unatetemeka kama mkono wangu ulivyotetemeka siku ya kukata ile saba. Sikujua watu wazima pia hutetemeka. Kaka, nimemwona Baba akiheshimiwa maisha yangu yote, lakini sijawahi kumwona mkubwa kama saa ile. Ninajivunia kuwa jina langu pale ofisini kwenu limefuatiwa na lake. Mambo hayo mtoto hamwambii baba yake usoni. Kwetu hatusemi hivyo, hata sijui maneno yake ni yapi kwa lugha ya nyumbani, ndiyo maana nimeyaweka huku kwenye Kiswahili, ambako...

Kaka, ni yeye, Baba, amefika mlangoni. Namjua kwa ile hatua nzito ya kushoto, na anapangusa tope kizingitini. Atataka nimsomee nilichoandika, neno kwa neno, nisiruke. Ukurasa nautia ndani ya kitabu cha nyimbo.